Geti Limefungwa kwa Nje

"Kwa nini! Unamwuliza 'kwa nini'!" Bi. Sharda alipiga meza kwa kiganja. "Miaka yote hiyo kazini, na bado unamwuliza mtoto kwa nini hakupiga kelele!"

"Nimemwuliza kwa upole," akajibu Mwalimu Kabibi. Alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, ana kwa ana na yule mama, na walimu wenzake wamewazunguka kama watu wanaotazama majogoo wakipigana.

"Upole! Kisu kikipakwa asali hakikati?"

"Bi. Sharda, mimi si mtoto wa chuo. Nimewatoa watoto mikononi mwa watu ambao wewe ukikutana nao njiani utavuka barabara."

"Sikukuuliza umewatoa wangapi. Nimekaa hapa nikajifanya mtoto, nimekueleza yaliyonifika, na neno la kwanza kutoka kinywani mwako ni swali la hakimu. Sasa mimi mtoto nimefunga mdomo. Nifungue tena, nione."

"Polisi watamwuliza hilo hilo!"

"Kumbe wewe ni polisi? Mbona umekuja bila pingu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kabibi alihisi masikio yakimchoma. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kunyamazisha paredi nzima bila kipaza sauti, na hakuwa amezoea kuchekwa. Shuleni kwake, huko bara ya Ganze, yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wengine.

"Basi, basi, Mama Sharda," ikasema sauti nzito kutoka nyuma. "Mwachie dada yangu nyama kidogo. Ukimmaliza leo, kesho utamtafuna nani?"

Kicheko kikageuka, kikawa chepesi. Huyo alikuwa Mwalimu Mwambire. Kila semina ina mtu kama Mwambire: anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu, anayemvutia kiti mwenye mimba, anayejua pa kutia mzaha ili joto lishuke. Shule yake ilikuwa upande wa Marafa, na kwa kazi ya kulinda watoto hakuna aliyemfikia. Walimu walimwita Baba wa Wote. Kabibi alimtazama kwa shukrani, naye akamkonyeza.

Bi. Sharda hakucheka. Alikuwa ajuza mkavu aliyevaa sari ya rangi ya majivu na raba nyeupe, mzaliwa wa Malindi, ukoo wenye duka la vyuma karibu na soko. Alikuwa amewashauri watoto walioumizwa kwa miaka mingi kabla hajastaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mji, kilichonyooka, kisichomwonea mtu haya. Semina ilikuwa ya walimu wazoefu tu, wale ambao kila mmoja ndiye mlinzi wa watoto shuleni kwake, waliokuja kunolewa upya wakati wa likizo ya Aprili. Jana, kabla hata ya salamu kuisha, alikuwa amewaambia: "Mwalimu mgeni simwogopi. Mgeni huona haya, akauliza. Nyinyi wazoefu ndio mnaonitisha. Nyinyi mmeacha kuuliza."

Kabibi alikuwa amekasirika tangu hapo.

Wakati wa chai alimpata Mwambire kibarazani, ameshika hamri mkono mmoja na kikombe mkono wa pili.

"Yule mama ana roho ya pilipili," Kabibi akasema.

"Mwache. Ni mzee. Anataka kuonekana bado anauma." Mwambire akamega hamri lake. "Mimi nikimwona namkumbuka mama mkwe. Nanyamaza, nakula."

Kabibi akacheka. Kisha akauliza alichokuwa akikiuliza kila wanapoonana: "Na msichana wangu? Hajambo?"

"Umazi? Mzima kama kigongo. Anakula, anasoma. Juzi kanipikia sima ikanishinda kumeza, nikamwambia hii tutakandikia nyumba."

Umazi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ndiye aliyekuwa fahari ya Kabibi. Mwaka jana babu yake alikuwa amemwahidi kwa mzee mmoja anayenunua makaa, mtu mwenye wake wawili na lori, na siku ya kumchukua ilikuwa imeshapangwa. Kabibi alikwenda kule mwenyewe na chifu, akasimama katikati ya ua wa watu wenye hasira, akatukanwa yeye na mababu zake waliokufa, akaondoka na msichana. Kesi ikafunguliwa. Ila nyumba za kuwahifadhia watoto zilikuwa zimejaa, na kumrudisha kwao ilikuwa sawa na kumkabidhi kwa mzee wa lori. Mwambire ndiye aliyejitolea. "Mlete kwangu. Mke wangu ni nesi, nyumba ina ukuta na geti, na ni mbali na hao. Atasoma shuleni kwangu mpaka mambo yaishe." Kila mtu aliona ni jambo la heri. Kabibi alimpeleka kwa mkono wake. Njiani Umazi aliuliza atarudi lini kwa mamake, na Kabibi, ili amtulize, akamwambia: "Mvua kubwa ikinyesha. Mama akianza kupanda atahitaji mikono, na mimi mwenyewe nitakuja kukuchukua."

"Na mkeo Hannah naye?" Kabibi akauliza sasa. "Mbona siku hizi hashiki simu yangu?"

"Hannah?" Mwambire alifuta vidole kwa karatasi. "Si alihamishiwa Lamu tangu Januari."

"Januari!"

"Serikali ndiyo mume wake, mimi msaidizi tu."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?" Alisema kwa tabasamu, akampigapiga begani. "Usijali, dada. Mimi ndiye mama, mimi ndiye baba. Muulize yeyote."

Kengele ikalia. Kabibi akaingia ukumbini na kitu kidogo kimemkaa kooni, mfano wa mwiba wa samaki: haukuzuii kula, lakini kila ukimeza unajua upo. Akajiambia kimoyomoyo kwamba ni aibu. Mtu amekubebea mzigo miezi yote, halafu unamhesabia safari za mkewe.

Bi. Sharda alikuwa amefuta ubao.

"Sasa," akasema, "nyote mnajua ukuta wa shule zenu, maana mliujenga wenyewe. Mlango wa ofisi uwe wazi. Mtoto asibaki na mwalimu peke yake. Asitumwe nyumbani kwa mwalimu kupeleka maji. Vizuri. Leo hamlindi. Leo mnawinda. Wewe ndiye mtu mbaya, na unamtaka mtoto. Unapita wapi?"

Walimu wakatazamana. Wengine wakacheka kwa kutahayari.

"Msinifanyie haya ya bibi harusi. Anayemjua mwizi ni aliyewahi kuvunja. Nelly, anza."

Mwalimu Nelly wa Mambrui, mwanamke mdogo mwenye miwani, akasema angewabakisha watoto kwa masomo ya jioni. Mwalimu Ngowa akasema angeanza na zawadi, peremende, kisha viatu. Mwingine akataja safari za michezo. Bi. Sharda alikuwa akiandika bila kugeuka.

Mwambire akaanza kucheka peke yake kule nyuma.

"Una nini, Baba wa Wote?"

"Nawaonea huruma tu, Mama. Hawa wote watashikwa wiki ya kwanza. Peremende! Ngowa, wewe utapigwa na akina mama kabla hujamaliza pakiti."

Vicheko. Ngowa akamtupia kifuniko cha kalamu.

"Haya, bingwa," Bi. Sharda akasema. "Tufundishe."

Mwambire akasimama. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake, na ndugu zangu, udhaifu wa mtu hodari huwa hapo hapo penye uhodari: hakuweza kukaa darasani akaacha jibu zuri limpite. Akakunja mikono ya shati.

"Kwanza, mimi simfuati mtoto. Anayefuata huonekana. Mimi nangoja niletewe."

"Na nani?"

"Na nyinyi." Akawaonyesha kwa kiganja, wote, duara zima. "Mwalimu wa ulinzi mwenyewe aniletee, kwa mkono wake, na asante juu. Anaye mtoto aliyemwokoa, hana pa kumweka. Mimi nina nyumba. Nina jina. Ataona Mungu amejibu dua."

"Enhe."

"Pili, mtoto awe ametoka pabaya. Hilo ndilo kufuli. Sihitaji kumtisha kwa panga. Namkumbusha tu alikotoka. 'Hupataki hapa? Sawa, kesho nakurudisha kwa wale.' Atanyamaza hata ukimchoma kwa moto."

Ukumbi ulikuwa umetulia sasa, lakini ulikuwa utulivu wa kufurahia, kama watu wanaomsikiliza fundi akieleza kazi yake.

"Na mwalimu aliyekuletea akija kukagua?" Bi. Sharda akauliza.

"Haji. Ni mbali, ana darasa, ana watoto wake. Atapiga simu. Simu ya nani? Yangu. Naiweka kwa sauti ya juu, nakaa pale. 'Mwanangu, uko salama?' 'Niko salama, mwalimu.' Kwisha! Ataeleza hata kwenye semina jinsi alivyomwokoa." Akamgeukia Kabibi, akatabasamu kwa meno yote. "Si ndiyo, dada Kabibi?"

Walimu wakapiga makofi. Ngowa alipiga mluzi. Nelly akasema, "Aka! Huyu mtu tungemkosa kabisa, tungemtunuku cheti."

Na Kabibi naye alicheka. Alipiga makofi pamoja nao, viganja vyake viwili, vikubwa, vya kusikika. Alicheka kwa sababu ametajwa na mtu anayependwa, mbele ya watu waliomcheka asubuhi.

Kicheko kilipoisha ndipo alipoanza kusikia.

Alimsikia Umazi. Kila Jumapili Kabibi alipiga simu, na kila Jumapili ilikuwa simu ya Mwambire, na sauti ya msichana ilitoka mbali kidogo, ya mtu anayezungumza na simu iliyo mezani. Uko salama? Niko salama, mwalimu. Unakula? Nakula, mwalimu. Halafu, kila mara, kabla ya kuaga, msichana aliuliza jambo moja.

"Mwalimu, kwetu mvua imenyesha?"

Na Kabibi alicheka. Alikuwa amemwambia hata mumewe: yule mtoto kageuka mkulima. "Bado, mwanangu," alijibu kila mara. "Bado kukavu. Tulia hapo hapo." Wiki mbili zilizopita Umazi aliuliza mara mbili katika simu moja. Bado, mwanangu. Tulia hapo hapo. Na mara ya mwisho msichana alisema, "Hata manyunyu?" Kabibi alimjibu kwa mzaha: "Unataka nikunyeshee mimi?" Na upande wa pili alisikika Mwambire akicheka pia.

Mtoto alikuwa akiomba kutolewa. Alikuwa akiomba kwa njia pekee ambayo mtu aliyekaa pale asingeielewa, kwa sababu ahadi ile ilikuwa kati yao wawili tu. Alikuwa tayari kurudi kwa babu, kwa mzee wa lori, kwa wale wake wawili. Na kila Jumapili Kabibi alimwambia atulie hapo hapo.

 

Chakula cha mchana kilikuwa wali na samaki wa kupaka. Mwambire akaja kuketi meza yake, sahani imejaa.

"Mbona hivyo? Bado yule mama anakuwasha?"

"Joto tu." Kabibi alijilazimisha kumeza. Alijua jambo moja, na alilijua vizuri kuliko wote kwa sababu alikuwa akiwafundisha wenzake: mtu kama huyu ukimwonyesha kwamba umeona, anafika nyumbani kabla yako. Mwambire alikuwa na pikipiki yake nje, na kila jioni alirudi kwake Marafa. "Nimemkumbuka Umazi. Nataka nimsalimie."

"Simu si ninayo mimi."

"Hana simu ya jirani? Leo likizo, anashinda na nani?"

"Peke yake, na vitabu." Mwambire alichomoa mwiba kwenye samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. "Usihofu. Nimefunga geti kwa nje. Si unaijua mwenyewe dunia ya leo? Imejaa watu wabaya."

Alisema hivyo akimtazama machoni. Kabibi hakujua, na hatajua kamwe, kama alikuwa akimtania au alikuwa akimpima. Alichojua ni kwamba ilimbidi atabasamu. Akatabasamu. Akaongeza hata neno: "Umefanya vyema, kaka." Neno hilo lilipotoka alihisi kama amelamba sakafu.

Bi. Sharda alikuwa kwenye ujia wa nyuma, karibu na jikoni, anakunywa maji ya moto.

"Umekuja kunigombeza?" akauliza bila kugeuza shingo.

Kabibi alimweleza. Alieleza kwa haraka, kwa sauti ya chini, makaa na geti na simu na mvua, na alipofika kwenye makofi aliyopiga sauti ikamkatika. Mama yule hakumshika bega. Hakumpa hata leso.

"Huenda nimekosea," Kabibi akamaliza. "Huenda alikuwa anatoa mfano tu. Wewe ndiye uliyemwambia awinde."

"Huenda."

"Nitakuwa nimemharibia mtu jina lake maisha yote. Mtu mwenyewe ndiye aliyenisaidia."

"Huenda. Mara ya mwisho ulizungumza lini na mtoto yule, wewe na yeye tu, bila mtu wa tatu?"

Kabibi alianza kuhesabu Jumapili kwa vidole.

"Nakuuliza, mwalimu. Lini?"

"Tangu nimpeleke, Novemba... sijawahi."

"Tangu Novemba." Bi. Sharda akaweka glasi dirishani. "Watu husema mchawi mpe mwana amlee. Aliyetunga hiyo hakuwa na mwana. Sikiliza. Huna haja ya kujua kama ni kweli. Hiyo si kazi yako, na ukiifanya utaiharibu. Mtoto yuko peke yake na mwanamume katika nyumba iliyofungwa, mke hayupo, na wewe hukuambiwa. Hilo tu linatosha leo. Nani alimpeleka kule?"

"Alipelekwa na..."

"Nani?"

"Mimi."

"Utawaambia polisi hivyo hivyo. Ukianza kusema 'alipelekwa' nitakuumbua mbele ya watu."

"Najua watakavyonifanya, Bi. Sharda. Watanivua kazi hii."

"Na wakuvue. Unataka nikuonee huruma? Nimeishiwa, nimewapa watoto yote." Tayari alikuwa ameshatoa simu. Alizungumza na Koplo Everlyne wa dawati la jinsia kituoni, maneno machache, makavu, kama anayeagiza misumari. Koplo alikuwa tayari kwenda, ila gari la kituo lilikuwa Gongoni. Bi. Sharda akachomoa ufunguo kwenye mkoba. "Chukua langu. Mchukue koplo. Pita dukani kwetu, mwambie Nimesh akupe mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Mwambie ni mimi, asikuulize."

"Na Mwambire? Akiniona sipo ataondoka."

Kwa mara ya kwanza tangu semina ianze Bi. Sharda alitabasamu. Halikuwa tabasamu la kupendeza.

"Yule? Nitampandisha jukwaani. Nitamwambia yeye ndiye mtoto, na walimu wote wamhoji, mmoja mmoja. Nitamsifu. Hataondoka hata nyumba hii ikiwaka moto."

Walipokuwa wakivuka daraja la Sabaki, Koplo Everlyne ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikuwa kijana mwenye macho makavu, na aliuliza maswali yake akitazama barabara. Nani alimpeleka? Mimi. Kwa idhini ya nani? Kwa mdomo tu, tulikubaliana. Ulikagua mara ngapi? Kwa simu. Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Mkasi wa Nimesh ulikuwa kiti cha nyuma, mpya, bado na mafuta ya kiwandani, mipini yake mirefu kama miguu ya korongo.

"Mwalimu," koplo akasema walipoiacha lami, "nilikuwa kwenye semina yako mwaka juzi. Ulitufundisha tusimkabidhi mtoto kwa mtu kwa sababu ya jina lake."

Kabibi aligeukia dirisha. Nje mashamba yalikuwa yamelimwa, yakawa mekundu, yakawa tayari, na hayakuwa na hata jani. Mahindi ya msimu uliopita yalikuwa yamebaki mabua kingoni. Wingu halikuwepo.

Nyumba ya Mwambire ilikuwa mwisho wa njia, ukuta mrefu, geti la bati la rangi ya buluu. Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi, limening'inia kwa nje. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianika mihogo, alisimama akiwatazama.

"Mwenye nyumba hayupo," akasema. "Kaenda Malindi kufundisha walimu."

"Ndani kuna mtu?" koplo akauliza.

Mwanamke akaitazama mihogo yake. "Kuna mtoto wake wa kulea. Mimi siingilii mambo ya watu." Kisha, baada ya kugeuza kipande kimoja, kingine: "Usiku mwingine husikika akilia. Mwalimu alituambia anaota kwao."

Kabibi aligonga bati. "Umazi! Umazi, ni mimi. Mwalimu Kabibi."

Zikasikika nyayo tupu kwenye sementi, polepole, zikasimama mbali na geti. Kulikuwa na tundu dogo penye bawaba. Kabibi aliinama akaweka jicho. Aliona gauni la shule siku isiyo ya shule, na mikono miwili imefumbatwa kifuani, na uso uliokuwa umekonda. Msichana hakusogea. Alikuwa akitazama nyuma ya Kabibi, huku na huku, akimtafuta mtu wa tatu.

"Yuko nani tena hapo?" Umazi akauliza.

"Koplo. Mwanamke. Basi."

"Yeye?"

"Hayupo. Yuko Malindi, hajui."

Koplo Everlyne alikuwa amerudi hatua moja, simu sikioni. "Mwalimu, ngoja. Chifu hashiki. Kuvunja nyumba ya mtu bila kiongozi wa hapa kuwepo, wakili wake ataikamata hiyo kortini. Tungoje kidogo. Nusu saa."

"Naye akiondoka ukumbini?"

"Bi. Sharda atatupigia."

Kabibi alisimama pale na mkono juu ya bati lenye moto. Koplo alikuwa na hoja. Yeye mwenyewe angemfundisha mwalimu yeyote hivyo: fuata utaratibu, utaratibu ndio utakaomlinda mtoto mahakamani. Lakini alikuwa amengoja miezi yote, na kungoja huko ndiko kulikomweka Umazi nyuma ya geti hili.

"Mwalimu," ikasema sauti kutoka ndani, ndogo, bila matumaini, ya mtoto anayetimiza zamu yake. "Kwetu mvua imenyesha?"

Jirani aliacha mihogo. Koplo aliteremsha simu.

Kabibi alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akarudi na mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akaingiza pete ya kufuli kati ya meno ya mkasi.

"Mwalimu, jina lako ndilo nitakaloandika kuwa la aliyevunja," koplo akasema.

"Andika."

Akatanua miguu kama mwanamke anayetwanga.

"Haijanyesha, mwanangu," akamwambia aliye ndani. "Rudi nyuma kidogo, chuma kisije kikakurukia."

Akaikaza mipini kwa uzito wake wote, mpaka kufuli likakatika.